Anayewauguza Wengine: Afya ya Akili ya Wauguzi Wakati wa Janga

Hospitalini, muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa muda mrefu kuliko mtumishi mwingine yeyote. Daktari hupita wodini, akasoma faili, akaandika dawa na kwenda kwa mgonjwa mwingine, muuguzi hubaki. Yeye ndiye anayetoa dawa kwa saa zake, anayepima joto na mapigo ya moyo, anayemgeuza mgonjwa asiyejiweza na kumbadilishia shuka, na ndiye anayeitwa "sista" usiku wa manane pumzi zinapokatika. Ugonjwa wa kuambukiza unapolipuka, ukaribu huo unakuwa hatari. Muuguzi anakuwa jirani wa kirusi, jirani wa kifo, na mtu wa kwanza kukutana na ndugu wanaotaka kujua kwa nini mgonjwa wao hakupona. Anaweza kumaliza janga bila kuambukizwa hata mara moja, na bado akatoka humo akiwa ameumia.

Janga la UVIKO-19 liliwakuta wauguzi wakiwa wachache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya Aprili 2020 ilihesabu wauguzi milioni 27.9 duniani kote na upungufu wa milioni 5.9. Kanda ya Afrika ilikuwa na wauguzi 8.7 kwa kila watu 10,000, ilhali Kanda ya Amerika ilikuwa nao 83.4. Wauguzi tisa kati ya kila kumi duniani walikuwa wanawake, na hilo si jambo la pembeni, kwa kuwa wengi wao humaliza zamu ya hospitalini wakaanza nyingine nyumbani: kupika, kulea, kumtazama mzazi mgonjwa. Mwaka huo wa 2020 ulikuwa umetengwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wauguzi na Wakunga, kuadhimisha miaka 200 tangu kuzaliwa kwa Florence Nightingale. Maadhimisho yakamezwa na wodi zilizofurika. Baadaye WHO ilikadiria kwamba kati ya Januari 2020 na Mei 2021 watumishi wa afya wapatao 115,500 walikufa kwa ugonjwa huo, kadirio la chini likiwa 80,000 na la juu 180,000. Wenzao waliobaki walirudi zamu kesho yake, na baadhi yao ndio waliokuwa wamewahudumia kitandani siku za mwisho.

Dunia haikukosa onyo. Mwaka 2003 ugonjwa wa SARS uliwapata watu 8,098 na kuua 774, na nje ya Asia hakuna mji ulioumia kama Toronto, Kanada. Huko ugonjwa ulisambaa zaidi ndani ya hospitali kuliko mitaani, na watumishi wa afya walikuwa sehemu kubwa ya wagonjwa. Wauguzi wawili na daktari mmoja walifariki. Wauguzi waliokuwa wamekutana na virusi waliwekwa katika karantini ya kazini: ruhusa ilikuwa ya kutoka nyumbani kwenda hospitali na kurudi, basi. Nyumbani walivaa barakoa mbele ya watoto wao na kulala chumba cha peke yao. Mwezi Mei wakuu wa afya walipoamini kwamba mlipuko umekwisha na kulegeza tahadhari, wauguzi wa hospitali moja waliona wagonjwa wenye dalili zilezile wakiongezeka wodini. Walisema, wala hawakusikilizwa, na wimbi la pili likapiga. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Archie Campbell iliandika habari hiyo kwa kirefu. Ni vizuri kuikumbuka katika mjadala wa afya ya akili, maana mtu anayeona hatari, akaisema, kisha akapuuzwa na kutakiwa aendelee na kazi, huumia kwa namna ambayo dawa ya usingizi haiwezi kuiondoa.

Watafiti wakiongozwa na Robert Maunder waliwapima watumishi wa hospitali za Toronto miezi 13 hadi 26 baada ya mlipuko, wakawalinganisha na wenzao wa Hamilton, mji wa jirani ambao hospitali zake hazikuwatibu wagonjwa wa SARS. Asilimia 30.4 ya watumishi wa Toronto walikuwa na uchovu mkali wa kazi, dhidi ya asilimia 19.2 kule Hamilton. Dalili za kiwewe zilikuwa asilimia 13.8 dhidi ya 8.4. Wa Toronto walikuwa pia wepesi zaidi wa kupunguza saa za kazi na kujiepusha na wagonjwa, na uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe uliongezeka miongoni mwao. Waliokuwa salama zaidi ni wale walioona kwamba walipewa mafunzo ya kutosha na kwamba mwajiri alikuwa upande wao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006, miaka 14 kabla ya korona.

Korona ilianzia Wuhan, katika jimbo la Hubei nchini China. Majimbo mengine yalipeleka Hubei watumishi wa afya zaidi ya 42,000, na takriban theluthi mbili yao walikuwa wauguzi. Kazi yao ilianza na mavazi kinga: glavu mbili, gauni, barakoa inayobana, miwani mikubwa na ngao ya uso. Kwa kuwa mavazi yalikuwa haba na kuyavua kulikuwa na hatari yake, yakishavaliwa yalikaa mwilini kwa saa nyingi bila kunywa maji wala kwenda msalani. Wengine walivaa nepi za watu wazima. Miwani ilijaa mvuke, na sindano ikatafuta mshipa kwa kubahatisha kupitia glavu mbili. Zamu ilipokwisha, uso ulikuwa na mifereji myekundu kwenye mashavu na vidonda juu ya pua. Ili watambuane, waliandikana majina mgongoni kwa kalamu ya wino mzito, kwani ndani ya mavazi yale kila mtu alifanana na mwenzake. Hata mgonjwa hakuwahi kuuona uso wa aliyemhudumia.

Mwishoni mwa Januari 2020 hadi mapema Februari, watafiti waliwahoji watumishi 1,257 katika hospitali 34 za China, wengi wao wauguzi. Asilimia 50.4 walikuwa na dalili za sonona, asilimia 44.6 za wasiwasi, na asilimia 34 walikosa usingizi. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa wauguzi, kwa wanawake, kwa waliokuwa Wuhan kwenyewe na kwa waliogusa wagonjwa wa korona moja kwa moja. Takwimu za aina hii zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hutokana na dodoso ambazo mtu hujijazia mwenyewe, hivyo huonyesha dalili na si ugonjwa uliothibitishwa na daktari. Tena aliyezidiwa kabisa huenda asijaze, na asiye na tatizo huenda asione haja. Lakini tafiti za nchi mbalimbali zilipowekwa pamoja, picha ilibaki ileile: muuguzi wa mstari wa mbele ndiye aliyeumia zaidi.

Hofu ya kuambukizwa ndiyo inayotajwa kwanza, na ina nguvu, ingawa mara nyingi muuguzi hajihofii yeye. Anahofia kupeleka ugonjwa nyumbani. Katika nchi nyingi wauguzi walivua nguo mlangoni, wakaoga kabla ya kumsalimu mtu, wakalala sebuleni, au wakawahamishia watoto kwa bibi kwa miezi. Mtoto anayekuja mbio kumkumbatia mama aliyetoka kazini akakatazwa hawezi kuelezwa mambo ya virusi. Kwa hiyo muuguzi alipoteza faraja yake ya kawaida siku zilezile alipoihitaji kuliko wakati wowote.

Chanzo cha pili ni kizito zaidi, nacho hakionekani kirahisi kwa mtu wa nje. Mwaka 1984 mwanafalsafa wa Marekani, Andrew Jameton, alieleza dhiki ya kimaadili inayowapata wauguzi: mtu anajua lililo sahihi kutendwa, lakini taratibu au upungufu wa mahali pa kazi vinamzuia kulitenda. Uingereza inatoa mfano ulio wazi. Kwa kawaida, katika wodi za wagonjwa mahututi za nchi hiyo, kila mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia huwa na muuguzi wake mmoja mwenye mafunzo maalumu. Machi 2020 mwongozo uliruhusu muuguzi mmoja wa aina hiyo asimamie hadi wagonjwa sita, akisaidiwa na watumishi walioletwa kutoka idara nyingine. Kwenye makaratasi mpango huo ulitekelezeka. Kando ya kitanda ulikuwa na maana kwamba kengele za mashine mbili zikilia kwa pamoja, muuguzi alichagua pa kukimbilia, na msaidizi wake alikuwa muuguzi wa watoto au wa chumba cha upasuaji ambaye wiki iliyotangulia hakuwahi kuigusa mashine ile. Mgonjwa aliyepaswa kugeuzwa alisubiri, na aliyepaswa kusafishwa kinywa akasubiri zaidi. Muuguzi aliyefundishwa kwamba mambo hayo ndiyo uuguzi wenyewe alirudi nyumbani akijihesabia yale aliyoyaacha.

Kisha kulikuwa na vifo vya upweke. Ndugu walizuiwa wodini, hivyo simu ikawa mkononi mwa muuguzi. Ndiye aliyeishika mbele ya uso wa mgonjwa ili mke, watoto na wajukuu waage; akayasikia yote, maombi, vilio, msamaha unaoombwa dakika za mwisho; akakata simu, akaandika saa ya kifo kwenye faili, akasaidia kuufunga mwili, akaandaa kitanda kwa anayesubiri nje. Katika zamu moja jambo hilo liliweza kujirudia. Utafiti uliofanywa Juni na Julai 2020 katika wodi tisa za wagonjwa mahututi nchini Uingereza, kwa watumishi 709, ulikuta asilimia 40 wana dalili za msongo wa baada ya kiwewe, na zaidi ya asilimia 13 walikuwa na mawazo ya kujidhuru au ya kuona afadhali wasingekuwepo. Wauguzi walikuwa na hali mbaya kuliko madaktari. Nchini Italia, chama cha kitaifa cha wauguzi kilitangaza mwezi Machi 2020 kifo cha muuguzi mwenye umri wa miaka 34 wa mji wa Monza, aliyejiua baada ya siku za kazi katika wodi ya wagonjwa mahututi. Sababu za mtu kujiua huwa nyingi na zilizofungamana, na si haki kumtwika mtu aliyekufa maelezo ya sentensi moja. Lakini chama hicho kilisema wazi kwamba alikuwa akiteswa na hofu ya kuwaambukiza wengine.

Jamii iliwashangilia wauguzi na kuwakimbia kwa wakati mmoja. Kuanzia Machi 2020 miji ya Ulaya ilipiga makofi madirishani kila jioni au kila wiki. Wakati huohuo, nchini India, wenye nyumba waliwafukuza watumishi wa afya wakiogopa kuambukizwa, na wengine walipigwa mawe, hadi serikali ikatoa amri ya kisheria mwezi Aprili 2020 iliyoweka kifungo cha hadi miaka saba kwa mashambulizi makubwa dhidi yao. Nchini Mexico kulikuwa na wauguzi waliomwagiwa dawa ya klorini barabarani kwa sababu tu ya sare zao. Muuguzi alijifunza kuficha sare ndani ya mfuko kabla ya kupanda basi.

Mashariki mwa Kongo, hofu hiyo ilifika mbali zaidi. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu Kaskazini na Ituri, eneo ambalo Kiswahili ndiyo lugha ya sokoni na ya wodini, ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa, na zaidi ya watumishi wa afya 160 waliambukizwa. Wauguzi wengi walikuwa wenyeji wa Beni, Butembo na Katwa, maeneo yaliyokuwa yameshavumilia miaka ya mauaji ya makundi yenye silaha. Vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari wa WHO, Richard Mouzoko, aliuawa ndani ya hospitali mjini Butembo. Mgeni wa shirika la kimataifa aliweza kuondolewa kwa ndege hali ilipochafuka. Muuguzi wa Katwa alilala palepale, katika mtaa uleule ambao majirani walinong'ona kwamba anakula fedha za Ebola. Mavazi kinga katika joto la huko hayavumiliki zaidi ya saa moja hivi, lakini yalivuliwa. Minong'ono ya mtaani haikuwa na pa kuvuliwa.

Kenya ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, na Tanzania siku tatu baadaye. Utafiti uliofanyika katika hospitali moja kubwa nchini Kenya uliwahoji wauguzi 171: karibu nusu yao walikuwa na dalili za sonona, karibu nusu za wasiwasi, na karibu nusu walikuwa wamechoshwa na kazi kupita kiasi, walioko mstari wa mbele wakiwa na hali mbaya zaidi. Tarehe 7 Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki wa hospitali za umma za Kenya waligoma, na katika kaunti nyingi mgomo ulipita miezi miwili. Walidai vifaa kinga, bima ya matibabu, posho ya mazingira hatarishi na ajira mpya za kupunguza mzigo. Wapo waliowalaumu kwa kuacha wagonjwa katikati ya janga, na uchungu wa aliyefika hospitali akakuta milango imefungwa haupaswi kudharauliwa. Lakini ukisoma orodha ya madai yao utaona mambo yaleyale ambayo watafiti wa Toronto waliyataja kuwa kinga ya akili. Muuguzi anayepewa barakoa moja ya kutumia siku kadhaa, asiyejua atatibiwa na nani akiugua, hawezi kutulizwa kwa semina ya kukabiliana na msongo.

Maumivu haya huja kwa hatua, na usingizi ndio huharibika kwanza. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hujilaza saa tatu asubuhi, mwili umechoka kabisa, ila masikio bado yanasikia kengele za mashine. Anaamka akikumbuka dripu na kujiuliza kama aliifunga. Wodini anahesabu vidonge mara tatu kwa kutojiamini, au anasahau jambo ambalo kwa miaka kumi hakuwahi kulisahau. Hasira inakuwa karibu: mtoto akimwaga chai nyumbani, kelele inayomtoka haifanani na kosa. Wengine hawakasiriki wala hawalii. Mgonjwa anakufa nao hawahisi chochote, na kutohisi huko kunawatisha kuliko machozi. Mwingine anaanza kuzunguka mlango wa nyuma ili asipite mbele ya chumba fulani.

Si kila hali ya namna hii ni ugonjwa. Huzuni baada ya kufiwa na wagonjwa watano kwa wiki moja ni ubinadamu. Uchovu mkali wa kazi, ambao WHO iliueleza upya mwaka 2019 kuwa hali itokanayo na mazingira ya kazi na si ugonjwa, hujulikana kwa mambo matatu: nguvu kuisha, kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona kwamba ufanisi umepungua. Sonona ni jambo jingine. Hapo huzuni au kutovutiwa na chochote hudumu wiki mbili na zaidi, karibu kila siku, na huambatana na mtu kukosa hamu ya kula, kujiona hana thamani, pengine kutamani kufa. Msongo wa baada ya kiwewe hutambuliwa dalili zinapopita mwezi mmoja: tukio hurudi lenyewe kwenye ndoto au mchana kweupe, mtu hukwepa kila kinachomkumbusha, na mwili hukaa macho kama hatari bado ipo. Hali hizi mbili zina tiba, ya mazungumzo na ya dawa, na anayetibiwa mapema hupona vizuri zaidi. Mawazo ya kujiua hayasubiri zamu iishe. Yanahitaji msaada siku hiyohiyo.

Shida ni kwamba muuguzi ni mgumu wa kuomba msaada. Amefundishwa kujikaza, na wenzake wote wamejikaza. Anajua akiondoka zamu leo, mwenzake atabeba wagonjwa wake. Katika mji mdogo, mtaalamu wa afya ya akili aliyepo yuko katika hospitali ileile anayofanyia kazi, kadi yake itapita mikononi mwa watu anaokunywa nao chai, na anahofia kuonekana hafai kupewa dhamana ya wodi. Sheria nazo zimechangia ukimya. Nchini Kenya kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha sheria kilichosema hivyo kinakiuka katiba. Nchini Marekani fomu nyingi za leseni na za ajira ziliwauliza watumishi wa afya kama wamewahi kutibiwa ugonjwa wa akili, swali lililowafanya wengi wasitibiwe kabisa. Baada ya Lorna Breen, daktari wa dharura wa New York, kujiua Aprili 2020, familia yake ilipigania mabadiliko, na sheria yenye jina lake ya kulinda afya ya akili ya watoa huduma ilisainiwa tarehe 18 Machi 2022.

Hospitali nyingi zilidhani dawa ya yote haya ni namba ya simu ya mshauri. Kilichotokea katika Hospitali ya Pili ya Xiangya, mjini Changsha, China, mapema mwaka 2020 kinafaa kujulikana na kila mkuu wa hospitali. Uongozi uliandaa kikosi cha wanasaikolojia, mafunzo ya mtandaoni, simu ya ushauri na vikao vya pamoja. Wauguzi hawakwenda. Walionekana wenye hasira, hawataki kupumzika, wamezidiwa, lakini walikataa msaada na kusema hawana tatizo. Walipoulizwa vizuri, majibu yakawa ya moja kwa moja: walitaka kupumzika bila kusumbuliwa na walitaka vifaa kinga vya kutosha. Walitaka pia kufundishwa namna ya kumkabili mgonjwa aliyejawa hofu au anayekataa tiba. Hospitali ikabadili mpango. Ikatenga mahali pa kulala na kujitenga na familia, ikahakikisha chakula na mahitaji ya kila siku, ikatoa mafunzo, ikaweka walinzi kwa ajili ya wagonjwa wakorofi. Wanasaikolojia waliacha kusubiri ofisini wakaenda kukaa kwenye vyumba vya mapumziko na kusikiliza yeyote aliyetaka kuongea. Ndipo msaada ulipopokelewa.

Marekani ilitoa jibu linalofanana. Watafiti waliokaa na watumishi wa afya 69 katika wiki za kwanza za janga waliyakusanya maombi yao kuwa matano: tusikilizeni, tulindeni, tuandaeni, tusaidieni, tutunzeni. Kulindwa kulikuwa vifaa na vipimo. Kusaidiwa kulikuwa usafiri, chakula na mahali pa kuwaacha watoto shule zilipofungwa. Kutunzwa kulikuwa uhakika kwamba anayeambukizwa kazini hataachwa yeye na familia yake. Nchini Uingereza, marubani na wahudumu wa ndege waliobaki bila kazi walijitolea kufungua kumbi za mapumziko ndani ya hospitali, wakiwapokea wauguzi kwa chai na kiti cha starehe. Jambo dogo, lakini lilimpa muuguzi robo saa ya kuhudumiwa badala ya kuhudumu.

Yapo yasiyosaidia. Kikao cha mara moja cha kuwalazimisha watu wasimulie tukio la kutisha mara tu baada ya kutokea, kilichokuwa maarufu miaka ya nyuma, hakizuii kiwewe, na miongozo ya kitabibu inakikataza. Mapitio ya kitaalamu yaliyotolewa Novemba 2020 yalitafuta ushahidi wa mbinu za kuimarisha akili za watumishi wakati wa milipuko yakakuta tafiti 16 tu, nyingi zikiwa dhaifu. Kinachofanya kazi kwa uhakika zaidi ni cha kawaida: muuguzi mgeni kupangwa na mzoefu, wawili wawili kutazamana hali, kubadilishana kati ya wodi nzito na nyepesi, na kiongozi wa wodi anayejua majina ya watu wake na anayemwambia aliyechoka aende akalale. Kiongozi huyo ana uzito kuliko bango lolote la ukutani.

Juu ya hayo yote iko idadi. Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 2002: kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 baada ya kulazwa, na asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoshwa na kazi. Mzigo uleule unaomvunja muuguzi humuua mgonjwa, kwa hiyo kuajiri ni matibabu ya wote wawili. Hapa ndipo serikali hukwepa, maana semina ni rahisi kuliko mshahara.

Baada ya mawimbi kutulia, wengi waliondoka. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya Uingereza, lakini kabla mwaka haujaisha maombi yalisitishwa. Tarehe 15 Desemba 2022 wauguzi wa Royal College of Nursing, chama cha Uingereza, walifanya mgomo wao wa kwanza wa kitaifa tangu chama kiundwe miaka 106 nyuma, wakidai mishahara na usalama wa wagonjwa. Hao ndio waliopigiwa makofi madirishani. Uingereza ilikuwa pia imefungua vituo 40 vya afya ya akili kwa ajili ya watumishi wa afya, ambako mtu aliweza kujipeleka mwenyewe bila barua ya mkuu wake na akapata mtaalamu asiyefanya naye kazi. Fedha maalumu za vituo hivyo zilikoma mwishoni mwa Machi 2023, zaidi kidogo ya mwezi mmoja kabla ya WHO kutangaza tarehe 5 Mei kwamba dharura ya dunia imekwisha. Baadhi ya vituo vilifungwa.